Mashine 10 zilizogoma Moshi: draiva huria, draiva funge na keneli iliyobadilika usiku

Kituo kimoja cha mafunzo ya kompyuta mjini Moshi kilifungua milango asubuhi na kukuta mashine 10 kati ya 12 hazifai kufundishia. Nne zilisimama kwenye kioo cheusi chenye kistari kinachopepesa juu kushoto. Tano zilifika kwenye ukurasa wa kuingia, lakini picha ilikuwa imevimba kwa 1024 kwa 768, kipanya kinajikokota na feni inavuma kama mashine ya kukoboa. Ya kumi ilikuwa na dalili hizo hizo, na kila ilipowashwa ilitoa kwanza onyo la tarehe na saa, ambalo mtu alikuwa akilibonyeza tu lipite.

Orodha ya vifaa iwekwe wazi mapema, kwa sababu kisa chote kinazunguka hapo. Mashine 9 ni HP Z230 za mtumba, kila moja na kadi ya Quadro K600: gigabaiti 1 ya kumbukumbu, viini 192, wati 41, bidhaa ya mwaka 2013. Mashine 2 za darasa la video zina GeForce GTX 1050 Ti. Moja, inayotumika kuhariri video za harusi na sendofu za wateja, ina GTX 1650. Zote zilipakiwa Ubuntu 22.04.2, mfumo wa familia ya Linux, mwaka 2023, na keneli (kiini cha mfumo) ya 5.19.

Wakati huo kituo kiliishi kwa hotspoti ya simu, bando likipimwa kwa kijiko. Fundi akaweka draiva, programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi ya picha, kwa njia mbili. Kadi 3 za GeForce alizitolea bando na kuziwekea draiva kutoka ghala la Ubuntu kwa apt, amri yake ya kusakinisha. Zile Quadro 9 akazipitishia flashi yenye faili moja ya NVIDIA, kampuni inayotengeneza chipu za kadi hizo, toleo 470.161.03, lile faili linaloishia na .run. Zote zikafanya kazi, somo likaendelea. Kisha faiba ikaingia. Usiku wa kwanza huduma ya masasisho ya kujiendesha ilishusha miezi yote iliyolimbikizwa kwa mkupuo, na keneli ikaruka kutoka 5.19 hadi 6.8.

Mapendekezo matatu yalitolewa kabla hata ya kusoma logi (kumbukumbu za mfumo) moja. La kwanza, kurudi Windows, kwa hoja kwamba NVIDIA na Linux havipikiki chungu kimoja. La pili, kutupa jongoo na mti wake: ondoa draiva ya NVIDIA kila mahali, weka Nouveau, ile draiva huria, yaani ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote. La tatu, shusha faili jipya la .run na kulipitisha kote tena. La pili na la tatu yana ukweli kwa baadhi ya mashine, na kila moja lingeharibu nyingine.

Mashine 2 zilizoamka salama

GTX 1050 Ti ni NVIDIA, draiva yake ni funge (msimbo wake unashikwa na kampuni), na zilipokea keneli ile ile ya 6.8 usiku ule ule. Asubuhi ziliwaka bila kigugumizi. Hilo peke yake linafuta hoja ya kwanza. Tofauti yao na zile 9 ni kizazi cha kadi, na njia ambayo draiva iliingilia.

Kipimo cha pili ni keneli ya zamani. Washa mashine, shikilia Esc (au Shift kwa mashine zisizotumia UEFI, programu ya ubao mama inayoiwasha mashine) mpaka menyu ya GRUB, ya kuchagua keneli ya kuwakia, itokee, ingia Advanced options, chagua 5.19. Quadro zote 9 zilirudi kama zamani. Kwa hiyo kadi hazijafa, nyaya ni nzima, umeme hauna kosa. Ile ya GTX 1650 haikurudi hata kwa keneli ya zamani, na hapo ndipo ilipopaswa kutengwa na kundi. Ugonjwa wake ni mwingine, umegongana tu na huu kwa tarehe. Tutaifikia.

Ili darasa lisife siku hiyo, jina la keneli ya 5.19 linaandikwa kwenye mstari wa GRUB_DEFAULT ndani ya /etc/default/grub, kisha `sudo update-grub`. Hii ni plasta. Na katika siku hizo asitokee mtu wa kuandika `apt autoremove` kwa nia njema ya kusafisha diski, maana amri hiyo huweza kufagia keneli ya zamani ndiyo kwanza mnaitegemea.

Kusoma kilichovunjika

Kwenye mashine yenye kioo cheusi, Ctrl+Alt+F3 hufungua ukurasa wa maandishi. Amri hizi zinatosha kwa sehemu kubwa ya visa vya aina hii:

`uname -r`
`lspci -k | grep -A 3 -E "VGA|3D"`
`dkms status`
`mokutil --sb-state`
`glxinfo -B` (kutoka kifurushi cha mesa-utils, ndani ya mazingira ya picha)

Kwenye Quadro, lspci ilionyesha kadi bila mstari wa "Kernel driver in use". Yaani kadi ipo kwenye basi na hakuna draiva iliyoishika. Na glxinfo ikasema llvmpipe: picha yote inachorwa na prosesa, pikseli kwa pikseli, juu ya picha ya msingi iliyoachwa na UEFI. Hapo ndipo ule uzito na yale makelele ya feni yalipotoka.

Kwa nini nne zilikuwa nyeusi na tano zilifika mbali zaidi? Kwenye zile nne fundi alikuwa amewahi kuendesha nvidia-xconfig, ikaacha faili /etc/X11/xorg.conf lenye amri ya kutumia "nvidia" na si kingine. Xorg, programu inayochora picha kwenye kioo, ilipokosa draiva hiyo ilikufa hapo hapo. Zile tano hazikuwa na faili hilo, zikaanguka kwenye njia ya dharura. Ugonjwa mmoja, dalili mbili. Wengi hupoteza nusu siku wakidhani ni matatizo mawili.

Chanzo chenyewe kiko kwenye /var/lib/dkms/nvidia/470.161.03/build/make.log. DKMS ni utaratibu wa kujenga upya moduli (sehemu ya draiva inayoingia kwenye keneli) kila keneli mpya inapoingia. Ulijaribu kujenga 470.161.03 dhidi ya 6.8, ukashindwa, na kwa kuwa ilikuwa usiku hakuna aliyeona kosa. Hata aliyeshusha 470.256.02, toleo la mwaka 2024 linaloijua 6.8, anaweza kukwama mara ya pili kwenye Ubuntu 22.04: keneli ya 6.8 ilijengwa kwa gcc-12 (gcc hugeuza msimbo kuwa programu), wakati gcc ya kawaida ya 22.04 ni 11. Logi inalalamikia chaguo la `-ftrivial-auto-var-init=zero` ambalo gcc-11 hailijui. Tiba ni `sudo apt install gcc-12` kabla ya kujenga.

Hapa pana jambo ambalo watu hulibishania kwa itikadi wakati ni la kifundi tu. Keneli ya Linux haiahidi kwamba milango yake ya ndani itabaki ilivyo. Mwandishi wa keneli akibadilisha fankisheni, ni wajibu wake kurekebisha kila draiva iliyo ndani ya mti wa keneli (msimbo wake wote) inayoitumia. Nouveau imo ndani ya mti huo tangu 2.6.33 ya mwaka 2010. I915 ya Intel na amdgpu ya AMD zimo pia. Zinasogea pamoja na keneli kama behewa na kichwa cha treni. Draiva ya nje ya mti lazima ikimbie nyuma ya treni, na kasi ya mkimbiaji ni uamuzi wa kampuni. Wakati kadi bado inauzwa madukani, NVIDIA hukimbia vizuri sana. Kadi ikizeeka, hukaa chini. Mtegemea cha nduguye ndipo anapojua bei.

Quadro K600: tawi lililokauka

lspci hutaja jina la chipu, na herufi mbili za mwanzo ndizo kitambulisho cha kweli, si jina la kwenye boksi. GF ni Fermi, GK ni Kepler, GM ni Maxwell, GP ni Pascal, GV ni Volta, TU ni Turing, GA ni Ampere, AD ni Ada. K600 ni GK107, Kepler. Kwa Kepler tawi la mwisho la draiva ya NVIDIA ni 470, na matengenezo yake yalikoma mwaka 2024. Kuna wasambazaji wanaoendelea kulipachika viraka ili lijengeke kwenye keneli mpya, na wanastahili shukrani, lakini viraka vina mwisho.

Tena 470 haina GBM, njia ambayo mazingira ya Wayland, mrithi wa Xorg, huitumia kupata picha kwenye kadi. NVIDIA iliiongeza kuanzia 495. Maana yake Kepler yenye draiva funge imefungwa kwenye Xorg. Ubuntu 25.10 iliondoa kikao cha Xorg cha GNOME, mazingira yake ya kawaida ya picha. Wenye XFCE, mazingira mepesi, bado wana nafasi, wenye GNOME hawana.

Je, draiva funge inawapa wanafunzi nini kwenye K600 hata iteseke hivi? CUDA, njia ya NVIDIA ya kufanyia hesabu kwenye kadi, watu hujibu haraka. Lakini K600 ina kiwango cha 3.0 cha CUDA, na CUDA 11 ilikiondoa kiwango hicho. Kwa darasa la LibreOffice, GIMP, Inkscape na programu za kuandika msimbo, draiva funge haikuwa na kazi ya maana pale. Iliwekwa kwa mazoea.

Kabla ya kuhamia Nouveau kulikuwa na swali ambalo lingeokoa siku nzima kama lingeulizwa kwanza: prosesa ni ipi? `lscpu` ilionyesha mashine 6 zina Core i5-4570, na hizi zina kadi ya ndani, HD Graphics 4600. Mashine 3 zina Xeon E3-1240 v3, ambazo hazina kabisa. Kwa Xeon za familia hiyo tazama tarakimu ya mwisho: inayoishia na 5, kama E3-1245 v3, ina grafiki za ndani; inayoishia na 0 haina.

Kwa zile 6, tiba bora kuliko draiva yoyote ya NVIDIA ni bisibisi. K600 ilitolewa. HD 4600 kwa kazi za darasa haitofautiani nayo kwa kiasi cha mwanafunzi kulalamika, draiva yake imo ndani ya keneli, na wati 41 za kadi zinaondoka kwenye mzigo wa UPS. Utaratibu:

Kwanza, mashine ikiwa bado inawaka kwa keneli ya zamani, ondoa draiva kwa `sudo nvidia-uninstall`. Pili, tafuta mabaki: `grep -rl nouveau /etc/modprobe.d /usr/lib/modprobe.d`. Kisakinishi cha .run huandika faili la kuipiga marufuku Nouveau, na mara nyingine hubaki. Faili lenye nvidia-installer kwenye jina lifutwe. Tatu, hamisha /etc/X11/xorg.conf kando kama lipo. Nne, fungua /etc/default/grub na uondoe `nomodeset`. Neno hili huachwa na mafundi wengi baada ya usakinishaji, nalo huzuia draiva zote za picha za ndani ya keneli, Intel na AMD zikiwamo. Ukiliacha, utalaumu kadi isiyo na hatia. Tano, `sudo update-initramfs -u -k all` kisha `sudo update-grub`. Hatua ya tano hurukwa sana. Nakala ya ile marufuku inakaa pia ndani ya initramfs, mfumo mdogo unaopakiwa kwanza mashine ikiwaka, kwa hiyo kufuta faili bila kujenga upya initramfs ni sawa na kufuta jina kwenye daftari wakati askari wa getini bado ana nakala ya zamani.

Ndipo zima, toa waya wa umeme, vuta kadi, hamisha waya wa kioo kwenye mlango wa ubao mama. Hapa pakatokea kikwazo kidogo cha kimwili. Vioo vya kituo ni vya VGA, na vilikuwa vikiunganishwa kwenye DVI-I ya Quadro kwa adapta ya bei ndogo isiyo na umeme ndani. Adapta hiyo hupitisha tu nyaya za analogi zilizomo kwenye DVI-I. DisplayPort ya ubao mama haina analogi, inahitaji kigeuzi chenye chipu. Pimeni kimoja kabla ya kununua sita. Baadhi ya vile vya bei rahisi hugoma kuvuka 1024 kwa 768, na mtu hurudi kudhani draiva imeharibika tena.

Kadi ya ndani hukopa RAM ya mashine. Mashine yenye gigabaiti 4 kwenye kipande kimoja itahisi. Vipande viwili vya gigabaiti 4 vya DDR3 vinasaidia mara mbili: ukubwa, na njia mbili za kumbukumbu zinazoipa HD 4600 pumzi. Msichanganye na vipande vya ECC (RAM ya kusahihisha makosa) vilivyotolewa kwenye zile za Xeon.

Kwa video, sakinisha i965-va-driver, si ile iHD mpya ambayo inaanzia kizazi cha Broadwell. `vainfo` ionyeshe H264. Haswell, kizazi cha prosesa hizi, haifasiri VP9 wala AV1 kwa maunzi, na YouTube hupenda kutuma hizo, hivyo kiongezo cha kivinjari kinacholazimisha H.264 hupunguza mzigo wa prosesa papo hapo.

Xeon 3 na Nouveau

Hizi hazina pa kukimbilia, K600 ibaki. Usafishaji ni ule ule, hatua tano, kisha mashine ikiwaka lspci iseme nouveau na glxinfo isitaje llvmpipe. Kioo kitajaa vizuri. Lakini mashine itaonekana nzito kidogo kuliko zamani, na sababu inajulikana: Nouveau huiacha kadi kwenye kasi iliyowashiwa nayo. Kwenye Kepler unaweza kuipandisha kwa mkono:

`sudo cat /sys/kernel/debug/dri/0/pstate`

Itatoa ngazi kama 07, 0a au 0f, na mstari wa AC unaoonyesha kasi ya sasa. Kisha:

`echo 0f | sudo tee /sys/kernel/debug/dri/0/pstate`

Ukikataliwa ruhusa hata kwa sudo, tazama Secure Boot, kinga ya UEFI inayokubali programu zenye saini tu. Ikiwa imewashwa, keneli hufunga milango ya aina hii. Ikikubali, iache mashine ifanye kazi saa kadhaa, halafu `sudo journalctl -k | grep nouveau`. Mistari mingi yenye "fifo" na "fault" ni dalili kuwa kadi hiyo haipendi ngazi hiyo, ishushe 0a. Kubadilisha kasi ya kumbukumbu huweza kuigandisha mashine pale pale, kwa hiyo hifadhi kazi kwanza. Ikithibitika, iandike kwenye GRUB: `nouveau.config=NvClkMode=15`, ambapo 15 ni 0f kwa hesabu ya kawaida. Januari na Februari Moshi hupika. Pangusa vumbi kwenye feni ndogo ya K600 na soma joto kwa `sensors` kabla ya kuamua kwamba ngazi ya juu ni ya kudumu.

GTX 1050 Ti: hapa Nouveau ni kosa

Pendekezo la kuweka Nouveau kote lingeangukia hapa. Kuanzia kizazi cha pili cha Maxwell, yaani GTX 900, kadi za NVIDIA hukubali famwea (programu ya ndani ya kadi) yenye saini ya NVIDIA peke yake, na ile inayotakiwa kupandisha kasi kwenye Maxwell hiyo na Pascal haikutolewa kwa Nouveau. Kwa hiyo 1050 Ti chini ya Nouveau hubaki kwenye kasi ya kuwashia, bila mlango wa pstate wa kuiokoa. Ni kejeli: kadi ya 2013 inapata huduma bora ya draiva huria kuliko ya 2016. Hasira ya Linus Torvalds kwa NVIDIA pale Chuo Kikuu cha Aalto mwaka 2012, iliyosambaa kwa video, ilikuwa kabla ya mambo haya kukaza zaidi.

Turing na kuendelea hali ni nyingine. Kadi zina prosesa ndogo iitwayo GSP inayobeba famwea hiyo, na Nouveau hujua kuongea nayo tangu keneli 6.7. Mei 2022, kwa toleo la 515, NVIDIA pia ilitoa moduli zake za keneli kwa leseni huria za MIT na GPL, za Turing kwenda juu tu. Sehemu ya juu, yenye CUDA pamoja na OpenGL na Vulkan (njia za programu kuchora picha), ilibaki funge. Pascal imeachwa katikati ya mto: haina GSP ya kutumiwa na Nouveau, haimo kwenye moduli huria, na tawi la 580 ndilo la mwisho kwa Maxwell, Pascal na Volta. Desemba 2025 watumiaji wa Arch Linux wenye Pascal waliliona hilo, kifurushi kikuu kilipohamia 590.

Kwa mashine hizo mbili basi, draiva funge ibaki, ila kwa njia ile ile iliyoziokoa: moduli zilizojengwa na kusainiwa tayari na Ubuntu, zinazosafiri pamoja na keneli.

`sudo apt install linux-modules-nvidia-580-generic-hwe-22.04 nvidia-driver-580`

Angalieni jina. Vifurushi vyenye -open haviishiki Pascal kabisa. Aliyechagua -open kwa sababu neno linapendeza atajikuta kwenye kioo cheusi alichokuwa anakikimbia. Wala msitumie -server bila sababu. Kama hamna uhakika, `ubuntu-drivers list` hutaja yanayoifaa kadi.

GTX 1650 na betri ya shilingi

Kila jioni kituo huzima swichi kuu. Mashine zinapokosa umeme wa ukutani, kumbukumbu ya BIOS hulelewa na betri ya CR2032 pekee. Ya mashine hii ilikuwa imekwisha. Ndilo onyo la tarehe na saa lililokuwa likibonyezwa lipite. Ubuntu ilikuwa ikirekebisha saa kupitia mtandao dakika moja baada ya kuwaka, kwa hiyo ndani hakuna aliyeona kasoro. Lakini BIOS ilirudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na kiwandani Secure Boot mara nyingi huwa imewashwa.

Draiva yake ilikuwa ya ghala, ila ya aina ya DKMS: imejengwa kwenye mashine yenyewe, kwa saini ambayo UEFI haijawahi kutambulishiwa. `sudo modprobe nvidia` ilijibu "Key was rejected by service". Hilo ndilo jibu la kwa nini keneli ya zamani haikusaidia: saini ilikataliwa kwa keneli zote.

Betri mpya kwanza. Iliyo nzima hupima volti 3 au zaidi kidogo, ikishuka 2.7 itoeni. Baada ya hapo kuna njia mbili. Unaweza kuitambulisha saini: `sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`, weka nywila, washa upya, na kwenye kioo cha buluu chagua Enroll MOK. Kioo hicho husubiri sekunde 10 tu kisha huendelea kama hakuna kilichotokea, na kibodi yake ni ya mpangilio wa Marekani, kwa hiyo tumieni nywila ya herufi na tarakimu za kawaida. Njia rahisi zaidi ni kuachana na DKMS na kuchukua moduli zilizosainiwa na Ubuntu, na hapa -open inafaa kwa kuwa 1650 ni TU117, Turing:

`sudo apt install linux-modules-nvidia-580-open-generic-hwe-22.04 nvidia-driver-580-open`

Nouveau pamoja na NVK, draiva yake mpya ya Vulkan ndani ya Mesa (mkusanyiko wa draiva huria za picha), ingeiendesha 1650 kwa kasi ya heshima kwenye mfumo mpya zaidi. Lakini mashine hii inalipa kodi ya pango kwa NVENC (kisimbaji cha video cha NVIDIA) na CUDA, na hizo zinakaa upande wa funge. Tajeni pia kwa wanaopanga kuhamia DaVinci Resolve: toleo la bure kwa Linux halifungui H.264 wala H.265, ndizo kamera nyingi za harusi zinazotoa. Kdenlive haina kikwazo hicho.

Bando, na kadi zinazofuata

Draiva ya NVIDIA ni mamia ya megabaiti kwa kila mashine. Mashine moja iwekewe apt-cacher-ng, nyingine zote zipate faili /etc/apt/apt.conf.d/00proxy lenye mstari `Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";` kwa anwani ya hiyo moja. Kifurushi hushuka mara moja, wengine huchota ndani. Masasisho ya kujiendesha yabaki kwa Intel na Nouveau, hazina cha kuogopa. Kwa mashine 3 za GeForce yafanyike Ijumaa mchana mbele ya macho ya mtu, si usiku.

Kituo kinataka kuzibadilisha 1050 Ti kabla 580 haijachakaa. Kwa Blender ya Cycles, hesabu ni Turing au zaidi, GTX 1650 au RTX, basi. Kwa kuhariri na kurekodi tu, AMD inapendeza kwa kuwa amdgpu imo kwenye keneli tangu 4.2 na RADV, draiva yake ya Vulkan, imo ndani ya Mesa. Nayo hutaka famwea funge kutoka linux-firmware, asije mtu akadhani kila kitu ni huria hadi chini. RX 570 husimba H.264 na H.265 kwa VAAPI (njia ya Linux ya kutumia kisimbaji cha kadi), ila inataka plagi ya umeme ambayo maboksi mengi madogo ya ofisi hayana. RX 6400 hukaa bila plagi, na ndiyo inayodanganya wengi: haina kisimbaji cha video kabisa. Intel Arc A380 inasimba hata AV1, lakini bila Resizable BAR, mpangilio wa BIOS unaoiruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi, hupwaya vibaya, na Intel yenyewe inataka prosesa za kizazi cha 10 kwenda juu.

RX 570 za mtumba zilizochimba sarafu za kidijitali ni nyingi, na baadhi zimebadilishwa BIOS. Kabla ya kutoa hela, nendeni dukani na flashi ya Ubuntu ya kuwakia moja kwa moja. Kadi ipachikwe, `lspci -nn` ilingane na jina la kwenye stika, `sudo dmesg | grep amdgpu` isiwe na makosa ya BIOS wala ya kumbukumbu, kisha video ya 1080p izunguke nusu saa huku kidole kikiwa karibu na feni zote mbili.